Mradi Ukiisha, Programu Inabaki Mikononi mwa Nani?

Kila programu ya kompyuta inayotumiwa na watu wengi hufikia siku ambayo wakubwa hutangaza kwamba imekamilika. Timu iliyoiunda hupongezwa, mkataba hufungwa, na wataalamu wake hutawanyika kwenda kwenye kazi nyingine. Miezi michache baadaye huja maombi ya fedha za kuendesha na kurekebisha programu ileile, na hapo swali huibuka, mara nyingi kwa hasira: si mlituambia imekwisha? Wengine huamua kwamba waundaji walifanya kazi mbovu, na wengine kwamba kuna mtu anayetafuta mwanya wa kula fedha. Zipo nyakati ambapo shaka hizo ni za haki. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe, "imekamilika", ambalo kila aliyelisikia alilielewa kwa namna yake.

Kwa hiyo tuanze na maneno. Mradi ni kazi yenye mwanzo, mwisho, bajeti yake na watu waliokusanywa kwa ajili yake. Ukifikia lengo lake unavunjwa, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Programu yenyewe si mradi. Ni zao la mradi, yaani bidhaa, na bidhaa haina tarehe ya kwisha iliyoandikwa mapema: itaishi kadiri watu wanavyoihitaji, pengine miaka 5, pengine 30. Udumishaji ni kazi yote inayofanywa juu ya programu baada ya kuanza kutumika ili iendelee kufaa. Makabidhiano ni kipindi, wala si siku moja, ambamo wajibu juu ya programu unahama kutoka kwa waundaji kwenda kwa wadumishaji. Methali yetu isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea, inaeleza tofauti hiyo vizuri kuliko vitabu vingi vya uhandisi, kwa sababu inatukumbusha pia kwamba malezi huchukua muda mrefu mara nyingi zaidi ya uzazi.

Kitu kisichochakaa kinaharibikaje?

Mtu makini huuliza swali ambalo linastahili jibu la kweli. Gari hutengenezwa kwa sababu vyuma husuguana, na paa hurekebishwa kwa sababu mvua na jua hulila. Programu ni maandishi tu, yanayoitwa msimbo. Msimbo ulioandikwa leo utasomeka vilevile, herufi kwa herufi, baada ya miaka 20. Sasa kinachotengenezwa ni kipi?

Ni kweli kwamba msimbo hauchakai. Kinachobadilika ni ulimwengu unaouzunguka. Chukua mfano wa ramani iliyofungiwa kabatini: karatasi yake inabaki safi na wino wake haufifii, lakini barabara mpya zikichongwa na daraja likabomoka, ramani ile inageuka kuwa ya uongo bila kuguswa na mtu. Programu iko katika hali hiyo kila siku, kwa sababu haisimami peke yake. Chini yake kuna mfumo endeshi unaoiendesha kompyuta yenyewe, hifadhidata, vivinjari vya kufungulia tovuti, na maktaba za msimbo, yaani vipande vilivyo tayari kutumiwa, zilizoandikwa na watu ambao waundaji hawajawahi kukutana nao, na kila kimoja kati ya hivyo kina kalenda yake ya kubadilika na kuachwa.

Mfano mmoja mdogo unatosha. Tovuti inayotumia mawasiliano yaliyofichwa huwa na cheti cha usalama kinachokithibitishia kivinjari kwamba hiyo ndiyo tovuti yenyewe. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa vyeti vipya vinavyodumu zaidi ya siku 398, na mwaka 2025 watoaji wa vyeti na wenye vivinjari walikubaliana kuupunguza muda huo hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029. Asiyekuwa na mtu, au utaratibu wa kompyuta, wa kuhuisha cheti chake ataamka asubuhi na kukuta watumiaji wote wanaonywa kwamba tovuti si salama, ilhali hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa msimbo.

Upande wa usalama mambo ni mazito zaidi. Kufuli la mlango linaweza kuwa lilelile ulilofunga miaka 10 iliyopita, lakini siku wezi watakapojifunza jinsi ya kulifungua, si kufuli tena. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika mfumo wake wa Windows. Mwezi Mei mwaka huohuo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilohilo, ikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali kadhaa za Uingereza. Dawa ilikuwapo kwa takriban miezi miwili, na mashine zilizodhurika zilikuwa zile ambazo hazikupewa dawa hiyo. Kisha Desemba 2021 likagunduliwa tundu katika Log4j, maktaba ya kuandikia kumbukumbu za matukio ambayo imo ndani ya programu nyingi mno zilizoandikwa kwa lugha ya Java, nalo likapewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali wake. Kwa taasisi nyingi, kusasisha maktaba hiyo hakukuwa ndiyo kazi ngumu ya kwanza. Kazi ngumu ilikuwa kujua kama wanayo, na iko wapi, kwa sababu waliounda mifumo yao walikwisha kuondoka bila kuacha orodha ya vitu walivyovitumia.

Mtaalamu Meir Lehman alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1974: programu inayotumika katika shughuli halisi za watu ni lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo manufaa yake hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Nadhani hii ndiyo hoja ambayo kila mwenye fedha angepaswa kuielewa kabla ya kutia saini mkataba wa kuunda mfumo wowote, kwa maana anayenunua programu ananunua pamoja nayo wajibu wa kuifuatisha na ulimwengu.

Marekebisho ya makosa ni sehemu tu

Dhana ya pili inayopotosha ni kwamba udumishaji maana yake ni kurekebisha makosa yaliyoachwa na waundaji, na kwa hiyo, kama wangefanya kazi vizuri, usingehitajika. Mwaka 1976 mtafiti E. Burton Swanson aliigawa kazi hii katika mafungu matatu, na baadaye likaongezwa la nne, ambayo yote yanatajwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 14764 cha mwaka 2006. Yanaeleweka kwa urahisi tukifikiria programu ya kulipa mishahara. Ikimkata mfanyakazi mmoja makato yaleyale mara mbili, kuiondolea kosa hilo ni urekebishaji. Sheria ya makato ikibadilika na programu ikabidi ihesabu kwa njia mpya, hiyo ni kuiafikisha na mazingira, hakuna aliyekosea. Idara ya fedha ikiomba ripoti iliyokuwa ikichukua dakika 10 itoke kwa sekunde chache, huo ni uboreshaji. Na mdumishaji akigundua kwamba nafasi ya kuhifadhi data itajaa baada ya miezi mitatu, akachukua hatua kabla watu hawajaathirika, hiyo ni kinga.

Swanson na mwenzake Bennet Lientz walichapisha mwaka 1980 matokeo ya uchunguzi wa idara 487 za kompyuta. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ya udumishaji ilikuwa kuboresha na kuongeza mambo kwa maombi ya watumiaji, na kwamba kurekebisha makosa hakukufikia hata robo. Teknolojia imebadilika sana tangu hapo, lakini anayekaa karibu na wadumishaji ataitambua picha hiyo mara moja: maombi mengi huja kwa sababu programu inatumika, na watu wakishaizoea huona inachoweza kuwafanyia zaidi.

Tofauti hii si ya darasani tu, kwani ndimo ugomvi mwingi wa kimkataba unamozaliwa. Baada ya programu kuanza kazi, mikataba mingi huweka kipindi cha dhamana ambacho mwundaji hurekebisha bila malipo yale yaliyo kinyume na makubaliano. Dhamana hiyo inahusu fungu la kwanza peke yake. Mteja anapodai sheria mpya iingizwe kwa gharama ya dhamana, anadai kitu ambacho hakukinunua. Na mwundaji anapoliita kosa lake "ombi jipya" ili alipwe tena, anadhulumu. Suluhisho ni kuandika mapema, kwa lugha nyepesi na kwa mifano, kipi ni kosa na kipi ni badiliko, na kumtaja mtu atakayeamua pande mbili zisipokubaliana.

Kinachokabidhiwa hasa

Watu wengi hudhani kwamba kukabidhi programu ni kukabidhi msimbo. Msimbo ndio kitu rahisi kuliko vyote. Unanakiliwa kwa dakika chache. Vitu vigumu ni maarifa, mamlaka na fedha, na makabidhiano yanayovunjika huvunjikia kwenye kimojawapo.

Tuchukue mamlaka kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kwa wepesi. Nani anamiliki jina la tovuti, na barua pepe ya kukumbusha malipo yake inakwenda kwa nani? Akaunti ya kuweka programu kwenye maduka ya simu imesajiliwa kwa jina la taasisi au la kijana mmoja aliyekuwa kwenye mradi? Ufunguo wa kutia saini matoleo mapya umehifadhiwa wapi? Haya yanaonekana madogo hadi siku mhusika anapoondoka na taasisi ikajikuta nje ya nyumba yake mwenyewe. Makabidhiano ya kweli huhamisha kila akaunti kwa jina la taasisi, hubadilisha manenosiri yote, na huwafutia ruhusa wale ambao hawahitajiki tena, hata kama ni watu wema.

Maarifa ni magumu zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa haijaandikwa popote. Msimbo unaonyesha programu inafanya nini. Hausemi kwa nini iliamuliwa hivyo, njia gani nyingine zilijaribiwa zikashindwa, na sehemu ipi kila mtu anaogopa kuigusa. Mwezi Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 katika takriban dakika 45. Ndani ya mfumo wake kulikuwa na msimbo wa zamani ambao haukutumika tena lakini haukuwa umeondolewa. Toleo jipya lilitumia swichi ileile iliyokuwa ikiuwasha msimbo huo, na lilipowekwa, seva 1 kati ya 8 ilisahauliwa. Swichi ilipowashwa, seva ile iliufufua msimbo wa zamani na kuanza kutuma oda zisizokusudiwa. Hakukuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili ahakiki kazi ya wa kwanza. Kila nikisoma tukio hilo naona mambo mawili ambayo hati nzuri ya makabidhiano ingeyataja: kitu kilichokufa lakini hakijazikwa, na hatua inayomtegemea mtu mmoja kukumbuka.

Mfano wa upande wa pili, ninaoupenda kuliko yote, uko nje kabisa ya dunia yetu. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1977. Novemba 2023 kilianza kutuma data zisizosomeka. Wahandisi walibaini kwamba chipu moja ya kumbukumbu, katika kompyuta inayopanga data kabla ya kutumwa, ilikuwa imeharibika pamoja na sehemu ya msimbo iliyohifadhiwa humo. Fundi hakuweza kutumwa umbali wa takriban kilomita bilioni 24, ambako ujumbe wa redio wakati huo ulichukua zaidi ya saa 22 kufika. Wakaugawa msimbo ule vipande, wakavipandikiza katika sehemu nyingine za kumbukumbu na kurekebisha kila mahali vilipotajwa. Aprili 2024 chombo kikaanza tena kutuma taarifa zinazoeleweka kuhusu hali yake. Katika kazi hiyo iliwabidi warejee nyaraka zilizoandikwa miongo mingi kabla, na watu waliozitunza nyaraka hizo muda wote huo wanastahili sehemu ya sifa.

Wengi wetu hatuna vyombo angani, lakini kipimo ni kilekile: je, mtu ambaye hakuwapo anaweza kuishika kazi kwa kutumia alichoachiwa? Njia ya kujua si kusoma hati na kuitikia kwa kichwa. Wape wadumishaji kompyuta tupu, na kwa kutumia nyaraka peke yake waijenge programu hadi iwake. Wape nakala rudufu ya data wairejeshe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Wape badiliko dogo, hata la kusahihisha neno moja kwenye ukurasa, walitoe hadi limfikie mtumiaji, kisha walirudishe nyuma kana kwamba limeleta madhara. Waundaji wakae pembeni wakiangalia, wasiguse kibodi. Kila mahali mdumishaji anapokwama ni ukurasa unaokosekana kwenye nyaraka, nao uandikwe palepale. Ni heri aibu ya mazoezi hayo ije wakati waundaji bado wapo kuliko usiku wa manane mwaka unaofuata.

Zoezi hilo haliwezi kufanyika katika wiki ya mwisho ya mradi, wakati kila mtu anakimbizana na tarehe. Wadumishaji waingie mapema, wahudhurie majaribio, wapokee malalamiko ya kwanza ya watumiaji bega kwa bega na waundaji, mwanzoni wakiangalia, baadaye wao wakitenda na waundaji wakiangalia. Pia wapewe orodha ya hitilafu zinazojulikana ambazo hazijarekebishwa. Waundaji wengi huona haya kuitoa orodha hiyo, kana kwamba ni hati ya mashtaka. Kinyume chake, programu inayokabidhiwa pasipo hitilafu hata moja iliyoandikwa ndiyo ya kutilia shaka.

Walewale au wengine?

Je, ni lazima wanaodumisha wawe watu tofauti? Hapana. Mwaka 2006 Werner Vogels, mkuu wa teknolojia wa Amazon, alieleza kwamba kwao timu inayounda huduma ndiyo inayoiendesha. Faida yake ni dhahiri: anayejua kwamba ataamshwa na simu programu ikianguka huandika msimbo kwa uangalifu mwingine kabisa. Lakini mpango huo unahitaji taasisi yenye watu wa kudumu. Aliyeajiri kampuni ya nje kwa mkataba wa miezi 9 hana anasa hiyo, na kwake makabidhiano hayaepukiki. Maoni yangu ni kwamba hata katika hali hiyo mtu mmoja au wawili wa taasisi yenyewe wawe ndani ya timu ya uundaji tangu mwanzo, kwa kuwa maarifa yaliyomo vichwani mwao hayaondoki mkataba unapokwisha.

Dharau ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi udumishaji hupewa wageni wa kazi, na wazoefu hupelekwa kwenye miradi mipya inayong'aa. Kusoma msimbo wa mtu mwingine, ukaufahamu kiasi cha kuubadilisha bila kuuvunja huku maelfu ya watu wakiutumia, ni kazi inayodai ujuzi mkubwa. Kumwachia anayeanza peke yake ni kumwonea yeye na watumiaji pia.

Ahadi na gharama yake

Udumishaji huhitaji ahadi inayopimika, maana "mfumo upatikane muda wote" si ahadi. Mfumo ukiahidiwa kupatikana kwa asilimia 99.9 ya muda, unaruhusiwa kuzimika kwa takriban saa 8 na dakika 45 katika mwaka mzima; ukiahidiwa asilimia 99.99, ni dakika 52 na ushei. Tofauti hiyo, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ndiyo tofauti kati ya fundi anayeshughulikia tatizo asubuhi afikapo kazini na timu inayopokezana zamu usiku na mchana pamoja na seva za akiba. Anayetaka ahadi ya pili kwa bajeti ya ya kwanza atakuwa anajidanganya.

Na bajeti yenyewe? Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, iliripoti mwaka 2019 kwamba serikali hiyo ilipanga kutumia zaidi ya dola bilioni 90 kwa teknolojia ya habari katika mwaka huo wa fedha, na takriban asilimia 80 yake ilikuwa ya kuendesha na kudumisha mifumo iliyopo. Tarakimu hiyo isichukuliwe kuwa kanuni ya kila mahali. Sehemu yake inatokana na mifumo mikuukuu iliyoachwa bila kubadilishwa hadi matunzo yake yakawa ghali. Inatosha tu kuonyesha kwamba mwenye kupanga fedha za uundaji peke yake ameacha nje ya hesabu kile ambacho kwa kawaida huwa sehemu kubwa.

Udumishaji nao una mwisho, na mwisho huo unastahili kupangwa kwa uangalifu uleule wa mwanzo. Watumiaji wapewe notisi ndefu, data zao zitolewe katika muundo wanaoweza kuhamia nao, na tarehe itajwe wazi. Waliokuwa wakitunza lugha ya programu ya Python walipoamua kuliacha toleo la 2, walikuwa kwanza wametaja mwaka 2015. Walipoona ni wangapi bado wanalitegemea, walisogeza tarehe hadi tarehe 1 Januari 2020. Hata hapo walitoa kifurushi kimoja zaidi, 2.7.18, mwezi Aprili mwaka huo, chenye marekebisho ya mwisho yaliyokuwa yamekusanyika, ndipo wakaifunga kazi iliyokuwa imeanza na toleo la 2.0 mwaka 2000.